Mlango umefungwa? Nani kasema?

Wasomaji wangu, samahani kwa ukimya. Kazi za gazetini zilinibana na umeme nao ukafanya visa vyake. Leo nimerudi na mada ambayo wengine mtaiona kavu: swichi. Si hii ya ukutani ya kuwashia taa. Nazungumzia zile ndogo zilizofichwa ndani ya mashine, ambazo kazi yake ni kujibu swali moja tu: kile kitu kimefika mahali pake, au bado? Nivumilieni, maana mwisho wa safari tutakuta watu zaidi ya elfu moja waliozama baharini, na tutakuta pia kosa langu mwenyewe.

Yote yalianza kwenye lifti ya jengo zilipo ofisi zetu. Nilikuwa napanda na dada mmoja aliyebeba hotpoti ya chakula cha mchana cha wenzake. Katikati ya ghorofa ya nne na ya tano lifti ikasimama. Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini haiendi juu wala chini. Tulikaa humo kama dakika arobaini. Dada wa watu akawa anasali, mimi nikawa najifanya mwanaume.

Tulipotolewa nilimkuta fundi, mzee wa makamo, anatoka na bisibisi na kijidude mkononi chenye ukubwa wa kiberiti.

"Shikamoo mzee. Tatizo lilikuwa nini?"

"Marahaba kijana. Mlango."

"Mlango si ulikuwa umefungwa? Mimi nilikuwa ndani, niliuona."

"Wewe uliuona. Lifti haina macho. Lifti inauliza hii." Akanionyesha kile kijidude. Swichi ya mlango, imechakaa. Mtikisiko kidogo tu na vipande vyake vya shaba vikaachana, lifti ikaamini mlango umefunguka, ikasimama. Kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau mpaka leo: "Shukuru Mungu, hii imekosea upande mzuri. Ingekosea upande wa pili, usingekuwa unaandika gazeti, ungekuwa unaandikwa."

Nikarudi mezani, nikaanza kusoma. Kumbe kuna historia nzima hapo.

Tuanze na hiyo hiyo lifti. Mwaka 1880, kwenye maonyesho katika mji wa Mannheim, Ujerumani, Werner von Siemens aliwaonyesha watu lifti inayoendeshwa kwa umeme, ya kwanza ya aina hiyo. Ukumbukeni mji huo, tutaurudia. Kwa miaka mingi baada ya hapo, lifti nyingi ziliendeshwa na mtu aliyekaa ndani, ameshika mkono wa chuma, anakadiria kwa macho sakafu iko wapi. Akiwa hodari unatoka bila kujikwaa. Akiwa na usingizi unaruka. Viwandani ilikuwa hivyo hivyo: mashine inakata chuma, mtu amesimama pembeni, kazi yake ni kuangalia meza ya mashine isipite mwisho wake. Jicho la binadamu ndilo lilikuwa swichi. Na jicho linachoka.

Jawabu la kwanza lilikuwa rahisi kiasi cha kuchekesha: weka kitu kiguswe. Kinachotembea kikifika mwisho, kinasukuma mkono wenye kigurudumu, mkono unazungusha kijiti, kijiti kinaachanisha au kinakutanisha vipande viwili vya metali, umeme unakatika au unapita. Mafundi wetu wanaiita limiti swichi. Lifti inaweza kuwa nazo kadhaa zimepangwa njiani: ya kwanza inaiambia punguza mwendo, inayofuata inaiambia simama, na ya mwisho kabisa haisemi na mtu, inakata umeme.

Lakini palikuwa na tatizo. Vipande viwili vya metali vikiachana polepole huku umeme unapita, cheche inaruka katikati. Cheche inachoma metali. Ikichoma kila siku mara elfu, mwisho wake vipande vinaungua, au vinaganda pamoja kama vimechomelewa. Hapo swichi inakuwa imekufa bila mtu kujua, na mashine inaendelea kuiamini.

Ufumbuzi mkubwa ulitoka Freeport, mji mdogo wa jimbo la Illinois, Marekani. Mwaka 1932 Philip Kenneth McGall, aliyekuwa na kampuni ya betri ya Burgess, aliomba hataza ya swichi yenye springi ya bati jembamba lililopindwa. Ukikibonyeza kitufe chake polepole, hakuna kinachotokea, hakuna kinachotokea, halafu ghafla: ta! Bati linaruka lenyewe kwenda upande wa pili. Haijalishi wewe umebonyeza kwa haraka au kwa uvivu, vipande vya shaba vinaachana kwa kasi ile ile, na cheche haipati muda wa kukaa. Kampuni ya Micro Switch ikazaliwa mwaka 1937, na mwaka 1950 ikawa sehemu ya Honeywell. Kama uko kwenye kompyuta sasa hivi, bonyeza kipanya chako. Ule mlio wa "ta" ni mjukuu wa McGall. Mlango wa maikrowevu nao una swichi za ukoo huo huo. Usipofungwa sawasawa, haichemshi maharage yako.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wanalijua na sisi wengine hatulijui. Swichi ya usalama hufungwa kinyume na unavyodhani. Mtu wa kawaida angesema: hatari ikitokea, swichi ipitishe umeme, king'ora kilie. Fundi anasema hapana. Umeme upite wakati wote mambo yakiwa salama, na hatari ikitokea ukatike. Kwa nini? Kwa sababu panya akikata waya, au msumari ukilegea, umeme nao unakatika, na mashine inasimama. Yaani ubovu wenyewe unahesabiwa kuwa ni hatari. Ndiyo maana mimi na yule dada tulikwama. Swichi mbovu ilitamka "hatari" wakati hakuna hatari. Ndio ule upande mzuri wa kukosea.

Tuendelee. Kinachogusana kinachakaa, kwa hiyo watu wakaanza kutafuta swichi isiyoguswa. Mwaka 1936 Walter Ellwood wa maabara za Bell, Marekani, alitengeneza swichi ya vijiti viwili vyembamba vya chuma vilivyofungiwa ndani ya kichupa cha kioo. Leta sumaku karibu, vijiti vinavutana na kugusana. Ondoa sumaku, vinaachana. Vumbi haliingii, kutu haiingii. Zikaenda kwenye mitambo ya simu, na leo ziko kwenye milango na madirisha yenye king'ora cha wezi: sumaku iko kwenye mlango, kichupa kiko kwenye fremu.

Miaka zaidi ya hamsini kabla ya Ellwood, mwaka 1879, kijana Edwin Hall, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kule Baltimore, alipitisha umeme kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu, akaweka sumaku, akaona umeme unasukumwa upande mmoja wa karatasi. Kitu kidogo sana, kigumu kukipima. Alikuwa na umri wa sisi tunaoblogu. Ugunduzi wake ulikaa kwa miongo mingi kama jambo la darasani, mpaka teknolojia ya semikonda ilipoufanya uwe na nguvu ya kutosha kutumika. Leo sensa za Hall zimejaa kwenye magari, zinahesabu mizunguko ya injini na ya magurudumu. Hakuna kinachogusana hata kidogo.

Sasa turudi Mannheim. Miaka sabini na nane baada ya lifti ya Siemens, mwaka 1958, Walter Pepperl na Wilfried Gehl walitengeneza hapo proksimiti swichi, yaani swichi ya ukaribu, inayotumia koili. Ng'ambo ya mto Rhine, Ludwigshafen, kuna kiwanda kikubwa cha kemikali cha BASF. Kwenye kiwanda kama kile hewa inaweza kuwa na gesi inayolipuka, na cheche ya swichi ya kawaida ni kiberiti tosha. Walichofanya ni hivi: koili ndogo inatetemesha umeme kwa kasi kubwa, mbele yake panajengeka uga wa sumaku usioonekana. Kipande cha metali kikisogea karibu, kinanyonya nguvu ya uga huo, mtetemo unafifia, sakiti inagundua kufifia huko na kusema "kimefika". Hakuna kuguswa, hakuna cheche. Lakini ina masharti yake. Inaona metali tu, tena kwa umbali wa milimita chache, na chuma inakiona kwa mbali zaidi kuliko inavyoona aluminiamu au shaba.

Ukitaka kuona visivyo metali, kama unga ndani ya ghala la kiwanda au maji ndani ya tangi la plastiki, kuna swichi za kapasita. Na ukitaka kuona kwa mbali kuna za mwanga: taa upande huu, jicho upande ule, kitu kikipita katikati kinakata mwanga. Nazo zina ukoo mrefu. Mwaka 1873 Willoughby Smith, mhandisi Mwingereza wa nyaya za simu za chini ya bahari, alitangaza kwamba madini ya seleniamu yanapitisha umeme zaidi yakipigwa na mwanga. Milango ya supamaketi inayofungua yenyewe imo kwenye ukoo wa sensa hizi zisizohitaji kuguswa.

Hizo ndizo aina kuu. Sasa tusogee kwenye lile lililoninyima usingizi.

Swichi yoyote kati ya hizo haisemi "mlango umefungwa". Swichi ya mkono inasema "kuna kitu kimenisukuma". Ya sumaku inasema "kuna sumaku karibu". Ya koili inasema "kuna metali mbele yangu". Ni sisi tunaotafsiri kuwa mlango umefungwa, tunawasha taa ya kijani, tunaandika chini yake IMEFUNGWA, halafu tunasahau kwamba ilikuwa ni tafsiri.

Tarehe 28 Machi 1979, alfajiri, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, hitilafu ilitokea kwenye mfumo wa maji. Presha ikapanda, vali ya kupunguzia presha ikafunguka kama ilivyotakiwa. Presha ilipotulia mtambo ukaiamuru vali ifunge. Haikufunga, ilikwama wazi. Lakini taa kwenye chumba cha uendeshaji ilizimika, na waendeshaji wakasoma kuzimika kule kama "vali imefungwa". Taa ile haikuwa imeunganishwa na swichi inayoangalia vali iko wapi. Ilikuwa inaonyesha tu kama umeme wa kuiamuru vali unakwenda au haupo. Kwa maneno mengine, taa ilisema "agizo limetolewa", wao wakasikia "limetekelezwa". Maji ya kupooza kinu yalitoroka kwa zaidi ya saa mbili, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Hakuna aliyekufa siku ile, lakini kinu hicho, cha pili katika kituo kile, hakikuwashwa tena.

Miaka minane baadaye, jioni ya tarehe 6 Machi 1987, kivuko Herald of Free Enterprise kilitoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover, Uingereza, na watu zaidi ya 500. Kilikuwa cha aina ya pantoni kubwa, magari yanaingia kwa mlango wa omo. Mlango huo ulikuwa wazi. Msaidizi wa serahangi, aliyetakiwa kuufunga, alikuwa amelala kwenye chumba chake. Ofisa aliyetakiwa kuhakikisha aliamini kuna mtu anakuja kuufunga. Nahodha, kutoka pale alipokuwa, hakuweza kuuona mlango, na hapakuwa na taa yoyote ya kumwonyesha. Utaratibu ulikuwa kwamba asipoletewa taarifa ya tatizo, basi kila kitu ni shwari. Dakika chache nje ya bandari maji yaliingia kwenye sakafu ya magari, meli ikalala ubavu. Watu 193 walikufa.

Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Sheen ulionyesha kwamba manahodha wa kampuni ile walikuwa wameomba taa za kuonyesha hali ya milango kabla ya ajali. Ofisini, ombi lilijibiwa kwa kejeli. Baada ya ajali, taa zilifungwa kwenye meli nyingine za kampuni ndani ya siku chache. Siku chache tu! Swichi kadhaa, waya, na balbu. Nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Mwaka 1988 kanuni za kimataifa za usalama wa meli zikarekebishwa, taa hizo zikawa lazima kwa meli za abiria za aina hiyo.

Basi unadhani yameisha? Tarehe 28 Septemba 1994, usiku wa dhoruba kwenye bahari ya Baltiki, meli Estonia ilikuwa inatoka Tallinn kwenda Stockholm. Hii ilikuwa na taa zake. Omo yake ilikuwa na kifuniko kikubwa cha chuma kinachonyanyuka, na nyuma yake ngazi ya magari. Mawimbi yakavunja makufuli ya kile kifuniko, kikang'oka na kuanguka baharini, kikaivuta na ngazi ikafunguka. Walikufa watu 852. Na taa ya kifuniko? Ripoti ya wachunguzi inaeleza kwamba swichi zake ziliwekwa kwenye vitasa vya kufulia, si kwenye kifuniko chenyewe. Vitasa vilibaki mahali pake. Kwa hiyo taa ingeweza kuendelea kuonyesha kifuniko kimefungwa hata kikiwa kimeshazama. Swichi haikudanganya. Iliulizwa "kitasa kiko wapi?" ikajibu ukweli. Hakuna aliyeiuliza kifuniko kiko wapi.

Ukiziweka ajali tatu pamoja unaona makosa matatu. Kwanza, kudhani agizo ni utekelezaji. Pili, kudhani ukimya ni usalama. Tatu, kupima kipande kidogo na kudhani umepima kitu kizima.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilitumwa kuandika kuhusu zahanati moja pembezoni mwa jiji iliyokuwa haina maji. Nilimpigia ofisa anayehusika. Akanijibu kwa upole kabisa: tumeshaagiza pampu ifungwe, na fedha zimetoka. Nikaandika kwamba zahanati imepata maji. Habari ikatoka ukurasa wa ndani, nikafurahi jina langu limo. Wiki mbili baadaye mama mmoja wa mtaa ule akapiga simu chumba cha habari, akaniulizia kwa jina. Hakutukana. Akasema: "Mwanangu, mimi ndiye ninayebeba ndoo kwenda pale wodi ya wazazi. Hayo maji yako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona taa imezimika, nikaandika vali imefungwa. Mbaya zaidi, baada ya habari yangu hakuna mwandishi mwingine aliyekwenda pale, maana kwenye gazeti tatizo lilishakwisha. Nilikosea ule upande mbaya alioutaja fundi. Laiti ningeandika "haijulikani kama maji yametoka", ningemuudhi ofisa, lakini mtu angekwenda kuangalia.

Fungua gazeti lolote, hata langu, uhesabu habari zinazoanza na "ameagiza", "ametoa siku saba", "ameahidi". Kisha uhesabu zinazosema "nilikwenda, nikafungua bomba, nikaona". Sisi tulioajiriwa kuwa swichi tumejigeuza taa. Tunawaka pale mkubwa anapobonyeza, si pale kitu kinapofika.

Juzi nilimkuta tena yule mzee wa lifti anafunga swichi mpya. Alipomaliza nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alifunga mlango, akapanda mpaka juu, akashuka mpaka chini, halafu akauzuia mlango kwa mguu makusudi na kuibonyeza lifti iende. Ikakataa. Akaibonyeza tena, ikakataa. Ndipo akafunga sanduku lake.

"Mzee, si ni mpya? Ya nini kuihangaikia hivyo?"

"Mpya ni ya dukani, kijana. Hapa bado haijaniambia ukweli hata mara moja."

Ile zahanati nilirudi, safari hii kwa miguu yangu. Nilifungua bomba mwenyewe. Lilikoroma kidogo, likatoa hewa, halafu maji yakaja. Nikamtafuta yule mama nimwombe radhi. Akanipa maji ya kunywa, akaniambia yalianza kutoka wiki iliyopita, na kwamba Jumapili hayatoki kabisa. Hilo la Jumapili nimelitia kwenye habari.

Nawasilisha.